Joy Adamson: Kabla ya Simba Kulikuwa na Brashi

Kwetu ni Izia, Sumbawanga mjini. Ukishuka kwenye bodaboda na kuanza kutembea mtaani utakuta kibao cha kinyozi chenye kichwa cha kijana aliyenyoa panki, mbele kidogo kibao cha fundi cherehani chenye gauni jekundu, halafu cha mama ntilie chenye samaki mkubwa kuliko sahani yake. Vyote vitatu ni mkono wangu. Kwa yule samaki nilichekwa sana, lakini mwenyewe mama alisema ndiye anayemletea wateja, basi nikamwacha hivyohivyo.

Chuoni nako mambo ni hayohayo. Wenzangu wa ualimu wakikaribia kwenda mazoezi ya kufundisha, chumba chetu cha hosteli kinageuka karakana. Mmoja anataka chati ya mfumo wa chakula, mwingine moyo wenye mishipa yote, mwingine ramani ya Tanzania na maziwa yake. Nachora kwenye manila, nalipwa, na bumu likichelewa ndiyo nakula. Sikuwahi kujiita msanii. Nilijiita mtu wa oda: unaniagiza, nachora, tunamalizana.

Mwaka jana mwalimu mmoja wa mimea alinikuta nachora ua la kikanda. Kwa msiojua, vikanda ni zile okidi ambazo viazi vyake vinachimbwa huku kwetu nyanda za juu na kupelekwa Zambia, ambako vinatwangwa na kupikwa pamoja na karanga. Mwalimu alisimama nyuma yangu muda mrefu bila kusema kitu. Kesho yake akaniletea kitabu kizee cha miti na vichaka vya Kenya, kile cha Dale na Greenway kilichotoka mwaka 1961, akaniambia nitazame kwanza picha za rangi, maandishi baadaye. Nikatazama. Kila jani lilikuwa na mshipa wake, kila ua lilikuwa na unyevu kama limechumwa asubuhi hiyo. Nikatafuta jina la mchoraji. Joy Adamson.

Nilidhani ni majina kufanana tu. Joy Adamson niliyemjua mimi ni mama wa simba, yule wa Elsa, wa kitabu na filamu ya Born Free. Nikawauliza wenzangu chumbani, nao wakajibu vilevile: si yule mzungu wa simba? Ndiye huyohuyo. Kumbe kabla ya simba alikuwa mchoraji kwa karibu miaka 20, tena mchoraji wa kuagizwa, mtu wa oda kama mimi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuatilia, na leo nataka niwasimulie maisha yake. Kuna jambo kanifundisha, na kuna jambo nagombana naye.

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, wakati huo ukiwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Opava na uko Jamhuri ya Cheki. Jina alilopewa ni Friederike Victoria Gessner. Alikuwa wa pili kati ya mabinti watatu. Wazazi wake waliachana angali mtoto, akalelewa na bibi yake. Ukisoma maisha yake unaona mtu aliyehangaika kutafuta kazi ya mikono yake. Alisoma piano kwa bidii akitaka kuwa mpigaji wa majukwaani, lakini mikono yake ilikuwa midogo mno kwa kazi hiyo. Akajaribu ushonaji, akajaribu uchongaji wa sanamu, akawaza hata udaktari. Alifika umri wa miaka 25 akiwa hodari wa mambo mengi, na hakuna hata moja lililokuwa lake hasa. Nawajua wanachuo wa namna hiyo. Wengine tunalala nao chumba kimoja.

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara Myahudi wa Vienna. Wanazi walikuwa wameshika Ujerumani na kivuli chao kilikuwa kinaisogelea Austria, kwa hiyo mume akaanza kutafuta nchi ya kukimbilia. Mwaka 1937 mke alitangulia Kenya kwa meli, aone kama kuna maisha. Humo melini akakutana na Mswisi mmoja, mtaalamu wa mimea, jina lake Peter Bally. Sitaki kuingia sana kwenye mambo ya ndoa za watu. Itoshe kusema kwamba alirudi Ulaya, ndoa ya kwanza ikavunjwa, na mwaka 1938 akaolewa na Bally nchini Kenya. Ni Bally aliyempa jina la Joy, yaani Furaha. Mwaka huohuo Hitler aliimeza Austria, na nchi aliyotoka Joy ikawa si mahali pa kurudi tena.

Sasa hapa ndipo kazi ilipoanza. Bally alikuwa mtaalamu wa mimea katika Makumbusho ya Coryndon, Nairobi, ambayo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kazi yake ilikuwa kutembea porini, kukusanya mimea, kuikausha na kuitia kwenye hebaria, yaani ghala la mimea iliyokaushwa ambamo kila mmea unabandikwa kwenye karatasi na kuandikiwa ulikotoka, tarehe, na jina la aliyeuchuma. Joy akawa anafuatana naye. Akajifunza kukusanya, na ukusanyaji ukamwingia kwenye damu. Hakuweza kupita kwenye ua asilolijua bila kusimama.

Lakini kukausha mmea kuna hasara yake, na waliopitia praktiko za botania wanaijua. Unachuma ua la zambarau, unalibana kati ya magazeti, unaliwekea uzito, na baada ya wiki mbili unafungua unakuta kitu cha rangi ya chai. Umbo limebaki ila uhai umekwenda. Na mimea aliyoipenda zaidi Bally ilikuwa ile yenye minofu inayotunza maji, jamii za shubiri na mitupa. Hiyo ndiyo kabisa haikaushiki: unaibana, nayo inaendelea kuishi humohumo kwenye gazeti kwa wiki nzima, mwisho inaoza. Picha za rangi za kamera wakati ule zilikuwa ghali na hazikuaminika. Kwa hiyo sayansi ilihitaji mtu wa kukaa mbele ya mmea ungali hai na kuuchora kwa rangi za maji upesi, kabla haujanyauka.

Mtu huyo akawa Joy. Hakuwa amesomea uchoraji wa mimea, alijifunza akiwa kazini, porini, huku Bally akimwonyesha mtaalamu anataka kuona nini: jani upande wa juu na wa chini, ua lililopasuliwa, idadi ya stameni, tunda, mbegu, na vipimo vilivyo sahihi. Hapo ndipo nilipomwelewa kwa sababu hata mimi nikichora moyo kwenye manila siruhusiwi kuupendezesha. Ukikosea mshipa mmoja, watoto 80 darasani wamekosea nao. Uchoraji wa namna hiyo ni utii. Unachora kilichopo, hata kama ungependa kingekuwa vingine.

Kazi za kuagizwa zikaanza kuja. Michoro yake ilitumika katika vitabu vya maua, miti na bustani za Afrika Mashariki, kikiwemo kile cha kilimo cha bustani cha Jex-Blake, na hicho cha Dale na Greenway nilicholetewa na mwalimu. Alipiga kambi Mlima Kenya akachora mimea ya baridi ya kule juu. Michoro ikafika London, na mwaka 1947 akatunukiwa medali ya dhahabu ya Grenfell na jumuiya ya kifalme ya kilimo cha bustani ya Uingereza. Kipindi hicho pia alisoma kwa muda katika shule ya sanaa ya Slade, London. Yaani tayari ana jina, ana medali, na bado anarudi darasani kujifunza kuchora mwili wa binadamu. Hilo nalo nimelibeba. Sisi wengine tukishasifiwa mara mbili mtaani tunaona tumemaliza.

Wakati huo ndoa ya Bally ilikuwa imekwisha. Mwaka 1944 alikuwa ameolewa mara ya tatu, na George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyesimamia eneo kubwa na kame la kaskazini mwa Kenya, makao yake yakiwa Isiolo. Safari za George zilikuwa za ngamia na za magari, za wiki kadhaa, kuwafuata majangili na simba waliokula mifugo. Joy alifuatana naye akiwa na karatasi na rangi zake. Huko akaanza kutazama kitu kingine zaidi ya maua. Akaanza kutazama watu.

Aliona wazee wa Kimeru, Wasamburu, Waturkana, akaona mapambo ya masikio, ngozi zilizoshonewa shanga, vilemba vya manyoya, chale, silaha za jando. Na akaona kwamba vijana wa watu haohao walikuwa wameshavaa kaptura na mashati. Akili yake ya ukusanyaji ikaamka. Alivyoogopa ua kunyauka kabla hajalichora, ndivyo alivyoogopa mavazi yale yasije yakaisha yote kabla hajayachora. Akaanza kwa hiari yake mwenyewe. Kisha mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ikampa kazi rasmi: achore makabila ya nchi hiyo, watu wakiwa katika mavazi yao ya asili. Hiyo ndiyo oda kubwa kuliko zote za maisha yake.

Alizunguka Kenya kwa takriban miaka sita, kuanzia kaskazini kwenye jangwa mpaka Taita na kwa Wagiriama wa pwani. Maofisa wa wilaya walimsaidia kuwapata watu wa kuchora. Mtu alikaa kwenye kiti kwa saa nyingi juani, na Joy alichora akiwa kwenye gari, chini ya mti, kwenye hema lenye vumbi. Ilipokwisha kazi alikuwa na picha zaidi ya 500. Nyingine zilitundikwa Ikulu ya Nairobi, nyingine nyingi zipo Makumbusho ya Taifa ya Kenya mpaka leo. Mwaka 1967 alitoa kitabu kutokana na kazi hiyo, The Peoples of Kenya.

Nimekaa na nakala za picha hizo siku nyingi. Naomba niwe mkweli: ni kazi kubwa. Hajawafanya watu wale vichekesho, wala hajawafanya wanyama wa porini, kama wachoraji wengi wa kizungu wa enzi zile walivyofanya. Mzee anakutazama kama mzee. Bibi amechoka kukaa na unaona amechoka. Shanga zimehesabiwa, pete zimehesabiwa. Mjukuu wa leo akitaka kujua babu zake walivaaje siku ya tohara, anaweza kwenda pale na kuhesabu.

Lakini hapa ndipo ninapogombana naye. Kwanza, picha nilizoziona zimeandikwa kabila na cheo: mganga wa kabila fulani, kijana wa jando wa kabila fulani, mzee wa baraza. Jina la mtu halipo. Kumbuka huyu ni mama aliyefundishwa hebaria. Anajua kwamba mmea usioandikiwa mahali, tarehe na mchumaji ni takataka ya kisayansi. Mimea ilipewa majina mawili mawili ya Kilatini, na mtu aliyekaa juani mchana kutwa akabaki na jina la kabila lake tu. Hilo linaniuma.

Pili, oda ilikuja na macho yake. Serikali iliyomlipa ilitaka watu wa asili, kwa hiyo zikatolewa nguo ambazo pengine zilikuwa zimehifadhiwa darini tangu zamani, zikavaliwa kwa ajili ya picha. Baiskeli haikuingia kwenye picha. Shati halikuingia. Na mwaka 1952, kazi hiyo ikiwa bado inaendelea, serikali hiyohiyo ilitangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau na kuwatia Wakikuyu kwa maelfu kwenye makambi. Mkono mmoja unalipa wazee wachorwe na mapambo yao, mkono mwingine unawafungia watoto wao. Simsemi Joy kwamba ndiye aliyefunga watu. Nasema kwamba aliyetoa oda ndiye anayechagua kipi kionekane na kipi kisionekane, na mchoraji asipojiuliza, anakuwa brashi tu mkononi mwa mtu mwingine.

Nimewaza sana jambo hili kwa sababu hata mimi ni mtu wa oda. Mama ntilie alitaka samaki mkubwa, nikamchorea samaki mkubwa.

Tuendelee na maisha yake, sehemu hii wengi mnaijua, kwa hiyo nitapita haraka. Mwanzoni mwa mwaka 1956 George alimpiga risasi simba jike aliyemrukia, kumbe alikuwa analinda watoto watatu. Akawaleta nyumbani. Wawili wakubwa walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, na mdogo kuliko wote, Elsa, akabaki. Walimlea, halafu wakafanya jambo ambalo wengi walidhani haliwezekani: wakamfundisha kuwinda na kumrudisha porini Meru. Elsa akazaa watoto watatu porini na bado akawa anakuja kuwasalimia. Kitabu cha Born Free kilitoka mwaka 1960 na kusomwa dunia nzima. Januari 1961 Elsa akafa kwa ugonjwa wa kupe. Watoto wake, Jespah, Gopa na Elsa Mdogo, walipoanza kusumbua mifugo ya wanavijiji, walikamatwa na kuhamishiwa huku kwetu Tanganyika, wakaachiwa Serengeti. Filamu ikafuata mwaka 1966. Fedha nyingi zilizotokana na vitabu Joy alizielekeza kwenye hifadhi ya wanyamapori.

Baada ya Elsa akalea duma, Pippa, na baadaye chui, Penny. Nyumba yake, Elsamere, kando ya Ziwa Naivasha, leo ni makumbusho. Yeye mwenyewe hakuwa mtu rahisi. Waliomjua wanamweleza kama mtu mkali, asiyechoka na asiyewavumilia waliochoka. Aligombana na waume zake, na wachapishaji, na wafanyakazi. Tarehe 3 Januari 1980, siku chache kabla hajatimiza miaka 70, alikutwa ameuawa karibu na kambi yake huko Shaba. Mwanzo ilidhaniwa ni simba, na dunia ikaona ni mwisho unaofaa hadithi. Uchunguzi ukaonyesha ni majeraha ya silaha, na mtu aliyewahi kufanya kazi kwake akahukumiwa. George naye aliuawa na majambazi huko Kora mwaka 1989.

Basi, simba wakafunika kila kitu. Ukiuliza watu 100 Joy Adamson ni nani, sidhani kama wawili watakutajia brashi. Lakini mimi naamini hata Elsa alitokana na brashi. Mtu aliyekaa miaka 20 akitazama jani moja kwa saa tatu bila kulichoka, ndiye aliyeweza kumtazama mnyama mmoja kwa miaka mitano na kuandika alichokiona. Ni uvumilivu uleule.

Sasa nifike kwetu Ufipa, maana ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo.

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa mtu wa kijijini, juu huku kwenye uwanda. Baba yake yeye alikuwa mmoja wa wale waliofua chuma. Mnajua au hamjui, Wafipa waliyeyusha chuma kwa matanuri marefu ya udongo, ilungu likiwa moja, malungu yakiwa mengi. Mengine yalifikia karibu mita tatu kwenda juu. Hayakuvukutwa. Chini yalikuwa na matundu ya mirija ya udongo, upepo ukaingia wenyewe na moto ukapanda. Kinachotoka humo kilipelekwa kwenye tanuri dogo, kintengwe, ambako ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha mpaka kifae kufuliwa jembe. Majembe yaliyotoka nje yaliiua kazi hiyo wakati wa ukoloni. Babu aliliona tanuri likiwaka akiwa mtoto mdogo. Alikuwa anakumbuka jinsi lilivyotunzwa kama mwali anayetarajiwa kuolewa, dawa zilizowekwa chini yake, nyimbo, na nani alikatazwa kusogea. Alijua jina la kila sehemu kwa Kifipa. Yapo malungu yaliyobaki yamesimama kwenye mashamba ya watu, mengine yamepasuka na kuota nyasi kichwani, na watoto wanayatumia kujificha mvua.

Nikiwa mwaka wa kwanza babu alinitaka nije nimchoree ilungu. Si lile lililobomoka, bali lile lililokuwa linawaka, yeye atakaa ananielekeza na mimi nachora. Alisema mimi ndiye niliyepewa mkono. Nikakubali. Likizo ile nikapata tenda ya kuchora ukuta wa duka moja mjini, pesa nzuri, nikaona nimalize kwanza. Likizo iliyofuata kulikuwa na chati za watu wa ualimu. Kila nilipopiga simu babu aliuliza kama karatasi zimeshapatikana, na kila mara nilisema bado kidogo. Karatasi zilikuwepo. Zilikuwa chini ya kitanda.

Alifariki nikiwa mwaka wa pili, katikati ya mitihani. Nilifika Izia siku ya tatu ya msiba.

Kwa hiyo mnaona kwa nini namgombeza Joy Adamson kwa sauti ya chini. Alichora watu bila kuandika majina yao, ni kweli. Alichora kwa macho ya aliyemlipa, ni kweli. Lakini alifika. Alikaa chini ya mti na vumbi lake, akamaliza. Mimi nilikuwa na jina, nilikuwa na mahali, nilikuwa na lugha, mzee mwenyewe aliniita, na sikufika. Na tazama tena alivyoanza: kabla serikali haijampa oda, alikuwa ameshajiagiza mwenyewe. Mimi kwa miaka yote hiyo nilichora kila kitu nilichoagizwa na wengine, na kile kimoja ambacho hakuna aliyekuwa na pesa ya kukilipia kikangoja mpaka kikazikwa.

Likizo hii nimeanza. Nina daftari moja kubwa lisilo na mistari. Nimekwenda kwenye malungu mawili, nimeyapima kwa futikamba ya fundi cherehani wa jirani, nimeyachora pande nne kila moja, nyufa zake na matundu yake, bila kuyapendezesha. Nimewatafuta wazee ambao wazazi wao walifanya kazi hiyo. Mmoja anakumbuka majina ya sehemu nne. Mwingine anakumbuka wimbo nusu. Chini ya kila mchoro naandika kijiji, tarehe, na jina kamili la mzee aliyenieleza, kwa ruhusa yake, na nakala moja ya mchoro inabaki nyumbani kwake. Hilo la majina nimejifunza kwenye hebaria, na la nakala nimejifunza kwa kufikiria zile picha 500 zinazokaa mbali na vijiji zilikotoka. Picha ya tanuri linalowaka sina. Aliyeliona kwa macho ameondoka nayo.

Wanachuo wenzangu, wengi wenu mna mikono. Yupo anayechora, yupo anayepiga picha kwa simu vizuri, yupo anayerekodi sauti, yupo anayeandika mpaka anakera kwenye magrupu. Mnaendelea kuchukua oda, na mimi naendelea, maana bumu ni bumu na njaa ni njaa. Chati ya moyo bado ni bei ileile, njooni. Ila kabla hamjafungasha kwenda likizo, jiulizeni ni mzee gani kwenu aliyewahi kuwaambia njoo nikuonyeshe kitu, nanyi mkasema bado kidogo. Pigeni simu leo mmwambie mnakuja. Karatasi mnazo.